Kupunguza Picha za Miswada kwa Mkupuo: Suala la Nukta

Mtu akiambiwa apunguze ukubwa wa picha ya ukurasa wa mswada, anaweza kufanya moja kati ya mambo matatu yaliyo mbalimbali, na kila moja likawa ni utiifu wa amri ile ile. Aweza kupunguza idadi ya pikseli, yaani vile vijiraba vya rangi ambavyo kwavyo picha ya dijiti imeundwa. Aweza kuziacha pikseli zote mahali pake, akaibana faili hadi megabaiti 26 zikawa 3. Au aweza kubadilisha tu kile kipimo kinachoieleza mashine ya kuchapa kwamba picha itoke kwa sentimita ngapi karatasini, na hapo hakuna pikseli hata moja iliyoguswa. Neno ukubwa hubeba maana zote tatu. Katika makala haya neno vipimo litatumika kwa idadi ya pikseli za upana na za urefu. Neno uzito kwa idadi ya baiti za faili. Na neno msongamano kwa idadi ya pikseli zinazoangukia katika milimita moja ya karatasi iliyopigwa picha. Istilahi hii ya tatu ndiyo iliyo muhimu kuliko zote, nayo ndiyo ambayo aghalabu haitajwi katika maagizo wanayopewa wasaidizi wa utafiti.

Haja ya kupunguza haina ubishi. Ukurasa wenye upana wa milimita 210 na urefu wa milimita 297, ukipigwa picha kwa pikseli 300 kwa kila inchi, hutoa pikseli 2480 kwa 3508, yaani takriban milioni 8.7. Kila pikseli ya rangi huchukua baiti tatu. Kwa hiyo ukurasa mmoja usiobanwa huwa na megabaiti 26. Kurasa elfu tano ni gigabaiti 130. Mzigo huo hauwezi kupelekwa kwa barua pepe, wala mwanafunzi hawezi kuufungua katika tarakilishi ya kawaida bila kungoja. Ndiyo sababu picha asilia huhifadhiwa, kisha zikatolewa nakala ndogo za kusomea. Na kwa kuwa hapana mtu awezaye kufungua faili elfu tano moja moja, kazi hiyo hufanywa kwa mkupuo: tarakilishi hupewa amri moja, ikaitekeleza juu ya kila picha iliyomo.

Katika taaluma ya Kiswahili jambo hili si la mafundi peke yao. Miswada iliyokusanywa na W. E. Taylor, William Hichens na Jan Knappert imo katika maktaba ya SOAS, London. Ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliorodheshwa na J. W. T. Allen katika kitabu kilichotoka mwaka 1970. Na maandiko ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, yalipigwa picha chini ya mpango wa British Library ulioanza mwaka 2004 kwa ajili ya nyaraka zilizo hatarini kupotea. Zaidi ya hayo ipo miswada iliyomo majumbani, ndani ya masanduku, ambako chumvi, unyevu na mchwa havina subira. Mhariri wa utenzi siku hizi aghalabu huhariri picha, si karatasi. Karatasi ikishaliwa, picha ndiyo shahidi pekee.

Shahidi huyo hutegemea vitu vidogo mno. Katika hati ya Kiarabu herufi kadhaa zina umbo moja na hutengwa kwa nukta tu. Mwanzoni na katikati ya neno, be, te, the, nuni na ye zote ni kijino kimoja: nukta moja chini, mbili juu, tatu juu, moja juu, mbili chini. Mwandishi wa Kiswahili aliyetaka kuonyesha p kwa herufi yake yenyewe alitia nukta tatu chini ya kijino hicho hicho. Basi yachukuliwe maneno manne: pata, bata, tata, nata. Yakiandikwa kwa hati hiyo, bila kujali kama mwandishi ametia alifu ya kuvuta irabu au hakutia, na mradi si mmoja wa wale waliotenga t mbili za Kimvita kwa alama, tofauti yao yote imo katika nukta za herufi ya kwanza. Zikiondolewa nukta, hubaki umbo moja. Zikiunganishwa nukta mbili zikawa moja, tata husomeka nata, na neno lililozaliwa kwa kosa hilo ni neno halali la Kiswahili. Hapo ndipo penye hatari. Kosa lisilotoa neno lolote humshtua msomaji akarudi kutazama tena, lakini kosa linalotoa neno jingine hupita, likaingia katika chapisho na katika kamusi. Waandishi wa Mombasa waliojitahidi kutenga sauti za lahaja yao walizidisha alama, hawakuzipunguza. Na mapendekezo ya Yahya Ali Omar na P. J. L. Frankl ya mwaka 1997 kuhusu kuandika Kiswahili kwa hati ya Kiarabu yanaonyesha vema jinsi uzito wa tahajia hiyo ulivyolala juu ya alama ndogo. Irabu nazo, yaani fataha, kasra na dhamma, ni mistari na vikia vyembamba kuliko nukta zenyewe.

Sasa itazamwe mashine inafanya nini. Njia iliyo nyepesi ni ya kuruka: ili pikseli tatu ziwe moja, tarakilishi huokota moja na kutupa mbili. Nukta iliyoangukia katika zilizotupwa hutoweka, na jirani yake hubaki nyeusi kabisa, hata msomaji asishuku kwamba kuna kilichoondoka. Kwa miswada njia hii haifai kamwe. Njia ya pili ni ya wastani, ambapo pikseli zinazounganishwa huchanganywa rangi zao. Nukta haipotei ghafla, bali hufifia ikawa kijivu. Ipo na ile iliyopewa jina la Lanczos, mwanahisabati mzaliwa wa Hungaria, ambayo hupima majirani wengi kwa uzito mbalimbali na kuacha kingo za herufi zikiwa kali. Hii ni nzuri kwa maandishi, ila huzungusha ukingo mweupe kando ya wino mweusi, na asiyeijua tabia hiyo anaweza kudhani kwamba mwandishi alikwangua karatasi.

Lakini hakuna njia inayoweza kuokoa kitu kilichokuwa kidogo kupita kiasi. Chukuliwe mfano wa nukta mbili, kila moja ikiwa na upana wa nusu milimita, na kati yao robo milimita ya karatasi tupu. Katika picha asilia ya pikseli 300 kwa inchi, milimita moja ina pikseli karibu 12. Nukta hupata sita na uwazi hupata tatu. Picha hiyo ikipunguzwa kutoka upana wa 2480 hadi 800, kipimo kinachopendwa sana kwa kuwa hutosha kwenye kioo cha tarakilishi, milimita moja hubaki na pikseli 3.8. Nukta hupata karibu mbili, na uwazi haupati hata moja kamili. Na hata ungeupata, isingesaidia, maana vijiraba vya picha mpya havijipangi kwa kufuata mwandiko: uwazi wenye upana wa pikseli moja unaweza kugawanyika nusu kwa nusu kati ya pikseli mbili, kila moja ikabeba nusu ya wino, na matokeo yake ni nukta mbili kuwa kistari kimoja. Uwazi ukiwa na upana wa pikseli mbili, hapo hapana budi pikseli moja iangukie yote ndani yake, vyovyote vijiraba vitakavyokaa. Kanuni inayopatikana ni hii: kilicho chembamba kuliko vyote katika mwandiko, kikiwa ni wino au kikiwa ni weupe kati ya wino na wino, kisipungukiwe na pikseli mbili katika nakala ya kusomea. Kwa robo milimita, hiyo ni pikseli nane kwa milimita, na ukurasa wa milimita 210 utahitaji upana wa pikseli 1680. Nakala ya 800 ifanywe kwa orodha ya kutazama tu, na iitwe hivyo.

Kosa la mkupuo lenyewe huanzia hapa. Amri ya kawaida husema: picha zote ziwe na upana fulani. Lakini mikusanyo haina kurasa za namna moja. Kidaftari cha milimita 105, ukurasa wa milimita 210, na picha moja ya kurasa mbili zilizofunuliwa za milimita 420, zote zikipewa upana wa 1680, zitapata pikseli 16, nane na nne kwa milimita. Amri ni moja, misongamano mitatu, na ile ya mwisho imekwisha kuunganisha nukta. Usawa wa vipimo ni usawa wa nje tu. Kinachotakiwa kuwa sawa ni msongamano. Na njia ya kuupata ni kuzigawa picha kwanza katika makundi kwa jinsi zilivyopigwa, kisha kila kundi likapewa uwiano wake. Picha za pikseli 300 kwa inchi hupunguzwa hadi asilimia 68, na za 600 hadi asilimia 34, zote zikafikia nane kwa milimita. Hata punguzo dogo kama la asilimia 68 huacha pikseli chini ya nusu ya zile za awali. Pale ambapo rula imepigwa picha pamoja na ukurasa, msongamano huhesabiwa papo hapo. Pasipo rula hubaki kukisia, na ni ajabu jinsi wapigaji picha wanavyojali mwanga na kuisahau rula ya shilingi chache.

Miongoni mwa programu zinazotumika kwa kazi hii, ImageMagick, iliyoanzishwa na John Cristy mwaka 1987 na kutolewa kwa watu wote mwaka 1990, haina gharama na imeenea. Inahitaji hadhari mbili. Amri yake iitwayo mogrify, isipoelekezwa folda nyingine, huandika nakala ndogo juu ya picha asilia. Kwa dakika chache mkusanyo mzima unaweza kuwa mdogo, usirudi tena. Picha asilia zifungwe zisiandikike, au mkupuo uendeshwe katika diski nyingine kabisa. Hadhari ya pili ni kwamba, ikipewa upana kuwa lengo, programu hukuza picha zilizokuwa ndogo kuliko lengo hilo kwa kubuni pikseli ambazo kamera haikuziona. Alama ya > ikitiwa baada ya kipimo huizuia isifanye hivyo.

Kubana ni suala jingine. Mtindo wa JPEG, uliowekwa kuwa kanuni mwaka 1992, huigawa picha katika miraba ya pikseli nane kwa nane na kuacha yale ambayo jicho haliyatambui kwa urahisi. Aghalabu habari za rangi huhifadhiwa kwa nusu ya upana na nusu ya urefu, na palipotumika wino mwekundu kwa alama nyembamba, wekundu hutanda nje ya mistari yake. Na programu za kutumiana ujumbe kwa simu hupunguza na kubana kwa pamoja bila mtu kuamuru. Ukurasa uliofika kwa njia hiyo usitumiwe kuthibitisha usomaji wa neno lolote lenye ubishi.

Kabla ya mkupuo kuendeshwa, ichaguliwe kurasa moja ya kila kundi, iliyo na mwandiko mdogo au uliofifia kuliko wote, ipunguzwe, kisha apewe mtu aijuaye hati lakini asiyepata kuuona utungo huo, ainukuu. Nukuu yake ilinganishwe na picha asilia nukta kwa nukta. Ikitofautiana, uwiano uongezwe na jaribio lirudiwe. Matokeo yaandikwe katika faili ndogo ndani ya folda ya nakala: msongamano wa asili, uwiano uliotumika, njia ya kupunguza, kiwango cha kubana, tarehe, na jina la aliyeendesha mkupuo.