Je, Wajua? Dozi ya Methadoni Haitulizi Kidonda cha Upasuaji

Je, wajua kwamba anayekunywa methadoni kila siku ili kuachana na heroini, akipasuliwa, dozi yake hiyo haimtulizi maumivu ya kidonda? Dozi moja humkinga na arosto, yaani mateso ya kukosa dawa, kwa saa 24 hadi 36. Nguvu yake ya kuua maumivu huisha ndani ya saa 4 hadi 8. Aliyekunywa saa moja asubuhi, jioni hana arosto, ila mshono unamuuma kama unavyomuuma jirani yake wa kitanda cha pili.

Tena huenda unamuuma zaidi. Watafiti wamewahi kuwatumbukiza watu mikono kwenye maji ya barafu, na walio kwenye methadoni waliitoa mapema kuliko wengine. Kwa hiyo ile kauli ya wodini, "huyu teja ameshazoea madawa, mpunguzieni", imegeuza mambo juu chini. Anahitaji dozi yake ya kila siku bila kukatizwa, kisha juu yake dawa ya maumivu, mara nyingi kwa kiasi kikubwa kuliko cha mgonjwa mwingine, huku upumuaji wake ukiangaliwa kwa karibu.

Je, wajua methadoni ya Serikali ilianza kutolewa Tanzania Bara mwezi Februari 2011, Hospitali ya Taifa Muhimbili? Zanzibar ilifuata mwaka 2015, Kidongo Chekundu. Kwa kawaida mgonjwa hufika kliniki, hupimiwa dawa yake ya maji na kuinywa mbele ya mtoa huduma.

Sasa mfikirie kijana wa Masasi anayetibiwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka kwao. Amerudi nyumbani msimu wa korosho, akaanguka na bodaboda njia ya Newala, mguu umevunjika. Atapelekwa Hospitali ya Mkomaindo, Hospitali ya Wilaya Newala, au kwa Wabenediktini pale Ndanda. Kando ya kitanda amesimama mjomba wake, na huku kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao mjomba ni mtu mzito. Mbele yake kijana hatataja unga wala methadoni. Muuguzi mwenye busara humwambia mzee, "Shikamoo mjomba, naomba utupishe kidogo," kisha huinama na kuuliza taratibu: "Kaka, kuna dawa yoyote unakunywa kila siku? Hata ile ya kliniki?" Swali hilo lina uzito uleule wa kupima presha.

Jibu likiwa ndiyo, kliniki yake hupigiwa simu kuthibitisha mambo mawili: kiasi cha dozi, na siku aliyokunywa mara ya mwisho. Hilo la pili ndilo linalosahaulika. Aliyekosa dawa siku kadhaa mfululizo, mwili wake umepoteza uzoefu, na akipewa dozi yake kamili ghafla inaweza kumzuia kupumua.

Je, wajua arosto huweza kumdanganya hata daktari mzoefu? Jasho, kamasi, vinyweleo kusimama, kuhara, kutapika, tumbo kusokota. Kwa mtu aliyepasuliwa ngiri jana, mtu angedhani utumbo umepata matatizo. Na iko dawa ya maumivu iitwayo pentazosini ambayo kwa mgonjwa wa methadoni haifai kabisa: humtumbukiza kwenye arosto papo hapo. Rifampisini ya kifua kikuu nayo hulifanya ini liimalize methadoni haraka, na dozi iliyokuwa ikimtosha haitoshi tena.

Habari njema kwa hospitali za wilaya ni kwamba silaha zinazomfaa zaidi mgonjwa huyu si za kifahari. Ganzi ya mgongo, ambayo Mjerumani August Bier aliifanya mwaka 1898. Ganzi ya mishipa ya mguu au mkono. Parasetamoli kwa vipindi maalumu, diklofenaki kama figo na tumbo viko salama, na ketamini, ambayo haitegemei vipokezi vya mwilini vilivyokwisha kukaliwa na methadoni. Mtwara na Lindi, mikoa ya matende, wanaume wengi wamepasuliwa busha kwa ganzi tu, bila nusu kaputi.

Kinachonisumbua mimi ni sifa tunayompa mtu anayevumilia. Kijana aliyepita jandoni amefundishwa kutolia, na wodi humwona mgonjwa mwema kwa kuwa hasumbui. Wengi huogopa pia kwamba mofini ya siku mbili itamrudisha mgonjwa wa methadoni kwenye unga. Hofu hiyo haina ushahidi wa kuishikilia, ilhali maumivu yaliyoachwa bila tiba yanaweza kumtoa mtu wodini akatafute kete.

Je, wajua methadoni yenyewe ilitengenezwa Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1930, na ikatumika kwanza kutuliza maumivu? Ni madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander, New York, katikati ya miaka ya 1960, walioifanya tiba ya uraibu. Kwa kuwa bado hutuliza maumivu kwa saa chache, baadhi ya madaktari huigawa dozi ileile ya siku mara mbili au tatu mgonjwa akiwa amelazwa, ili isaidie na kidonda. Siku ya kuruhusiwa hupiga tena simu kliniki, wakaeleza alipewa nini na alikunywa lini mara ya mwisho.