Hadithi za Fumbo na Hadithi za Picha: Maoni ya Msomaji wa Kongowea

Neno Manga si geni kwa watu wa pwani. Ndilo jina la zamani la Arabuni, hasa pande za Maskati, nalo limesalia katika pilipili manga na njiwa manga. Kijana wa leo akilitamka aghalabu hakusudii Maskati. Anakusudia hadithi za picha za Kijapani, ambazo jina lao limefanana na letu kwa sadfa tu. Kwa Wajapani neno hilo huchukua maana ya picha zilizochorwa bila ya mpango maalumu, nalo lilipata sifa kwa vitabu vya michoro vya Hokusai, ambavyo cha kwanza kilitoka mwaka wa 1814.

Nimeanza na neno hilo kwa sababu ya jambo nililolishuhudia sokoni Kongowea (jina ambalo washairi wa kale waliiitia Mombasa yote). Kijana mmoja alikiona kitabu cha namna hiyo, kilichofasiriwa kwa Kiingereza, katika fungu la vitabu vikuukuu. Muuzaji alimfungulia kama tufunguavyo vitabu vya skuli. Kijana akakigeuza bila ya kuuliza, akaanza upande wa kulia. Hapana aliyemfundisha, ila alasiri husoma chuoni, na jicho lake limekwisha kuizoea safari hiyo. Msomaji wa Marekani huhitaji kuonywa. Wachapishaji wa huko zamani walizipindua picha kama zionekanavyo katika kioo. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000 wengi wao wameziacha zilivyo, wakaweka ukurasa wa kumwambia msomaji kwamba ameanzia mwisho.

Hoja yangu inaingilia hapo. Maandishi tunayoyaita mepesi yana kanuni zake, na wengi wanaoyadharau wameyafungua kwa upande usio wake.

Tutazame picha kwanza. Husemwa kwamba picha humpunguzia msomaji kazi. Mimi sioni hivyo. Katuni ya gazetini, kama Juha Kalulu wa Edward Gitau aliyewachekesha wasomaji wa Taifa Leo kwa miongo mingi, ina visanduku vichache tu. Mathalan, katika kisanduku kimoja mtu ameinua mguu akitazama juu; katika kinachofuata yumo mtaroni. Kuanguka kwenyewe hakukuchorwa. Msomaji ndiye aliyemwangusha, katika ule uwazi mwembamba ulio baina ya visanduku viwili, na ndiyo maana hucheka: ameshiriki.

Riwaya ya upelelezi nayo humshirikisha msomaji, ingawa kwa njia nyingine. Nilipokuwa mwanafunzi, mwalimu mmoja alininyang'anya Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, iliyotoka mwaka wa 1965, nami nimebakiza kurasa chache. Alisema vitabu vya aina ile vingeniharibia insha zangu. Nilikaa miaka mingi bila ya kumjua muuaji. Lakini katika miaka hiyo niliyapima upya kichwani yote niliyoyasoma, nani alisema nini na wakati gani, kwa uangalifu ambao hakuna kitabu cha mtihani kilichopata kunitaka niwe nao.

Aliyeijua vyema kanuni ya fumbo ni Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapwa mwaka wa 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki, kilimleta Bwana Msa, na kiko chake, na sahibu yake Najum. Wahakiki wameona hapo kivuli cha Sherlock Holmes, na kivuli hicho kipo, hapana haja ya kukikana. Hata hivyo mara nyingi hawaendelei kuuliza Bwana Msa anatafuta nini. Mpelelezi wa Kiingereza huinama juu ya majivu na nyayo. Bwana Msa, katika riwaya kadhaa, huishia kwenye nasaba: huyu ni mwana wa nani, na nani aliyeficha. Hilo ndilo swali linaloulizwa kila siku vibarazani kwetu. Mwandishi ameazima chombo, lakini shehena ni ya nyumbani, na Kiswahili chake kimesanifika kiasi cha kumfaa mwalimu yule aliyeninyang'anya kitabu.

Simsifu kila mtu. Willy Gamba wa Elvis Musiba, aliyeanza na Kufa na Kupona mwaka wa 1974, huenda kwa kasi tu. Fumbo ni hafifu, na wanawake wake mara nyingi ni pambo. Kasi hiyo lakini ina kazi yake, kwani adui anayekimbizwa ni adui wa ukombozi wa Afrika.

Na wapi tutaiweka Walenisi ya Katama Mkangi, mzaliwa wa Ribe, si mbali na hapa? Mwandishi huyu aliwekwa kizuizini mwaka wa 1986 bila ya kushtakiwa. Katika riwaya hiyo ya mwaka wa 1995, Dzombo aliyehukumiwa kufa hutiwa katika chombo cha angani kiwe mauti yake, naye akakimudu na kufika nchi nyingine, ambayo jina lake likikatwa vipande husema kwamba wale ni sisi. Wahakiki huiweka katika riwaya dhati, mbali na riwaya pendwa, na chombo kile hukipita haraka kana kwamba kinawaonea haya. Mimi naona pasipo chombo hapana riwaya. Mambo ya nchi hii yaliweza kusemwa wazi kwa kuwa yalisemewa mbali.

Nirudi kwa kijana wa sokoni. Aliniuliza, "Mzee, za namna hii zipo za Kiswahili?" Nilimtajia Shujaaz, lililoanza mwaka wa 2010 likigawiwa bure. Alilijua, akasema lile ni Sheng, maneno ya Nairobi, yeye anauliza Kiswahili.

"Basi mwanangu," nikamwambia, "yuko Bwana Msa."

Akaniuliza kama amechorwa.