Usimfungie sungura wako: Ahitaji mazoezi na mwenzake

Na DAKTARI WETU

WAZAZI wengi wanaoishi katika fleti za mijini, watoto wanapowasumbua wanunuliwe mnyama wa kufuga, humchagua sungura. Habweki usiku, hahitaji kununuliwa nyama, wala hahitaji kutembezwa barabarani. Hata wenye nyumba wasiotaka kumwona mbwa humfumbia macho. Basi hununuliwa pamoja na kizimba, kizimba kikawekwa jikoni au kwenye roshani, na familia ikaamini kuwa imetimiza wajibu wake.

Mimi nilikuwa mmoja wa wazazi hao. Naandika makala haya si kwa kuwa mimi ni mtaalamu wa wanyama, la hasha. Mimi ni daktari wa watu. Lakini yaliyotukia nyumbani kwangu yalinikumbusha jambo ambalo huwaambia wagonjwa wangu kila siku, na ambalo sikuwa nimelitekeleza chini ya paa langu.

Binti yetu alikuwa na umri wa miaka 9 tulipomletea sungura mweupe, naye akamwita Pamba. Fundi wa mtaani alitutengenezea kizimba cha mbao na waya, urefu futi 3 na upana futi 2. Miezi ya kwanza binti alimtoa Pamba kila jioni. Kisha mitihani ikaja, kisha baiskeli ikaja, na hatimaye ikawa Pamba hutolewa siku ya kusafisha kizimba tu. Hakulalamika. Sungura hana kilio cha kumwita mtu.

Jumapili moja asubuhi binti akanijia akisema Pamba hajala tangu jana jioni. Nilipochungulia, nilikuta karoti nzima haijaguswa na hakuna hata punje moja ya kinyesi. Alikuwa amejikunyata pembeni huku akisaga meno. Nilipomgusa tumbo, lilikuwa limejaa na kukaza.

Kwa mazoea ya kazi, nilidhani ni maambukizi. Nilifungua kabati na kutoa chupa ya amoksilini iliyosalia binti alipougua koo, chupa ambayo kwa kweli haikupaswa kuwa bado imo mle. Bahati njema ni kwamba nilimpigia simu kwanza rafiki yangu wa tangu shule ya upili, ambaye ni daktari wa mifugo, ili nimuulize kipimo cha mnyama wa kilo 2.

"Irudishe chupa hiyo sasa hivi," akasema. "Ukimpa, kesho kutwa utakuwa unachimba kaburi."

Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Kwani daktari, huyo sungura hutoka kizimbani muda gani kwa siku?"

Nilinyamaza. Ijumaa ya wiki iyo hiyo nilikuwa nimemkemea mgonjwa wa kisukari kwa kutotembea hata nusu saa kwa siku.

Utumbo uliosimama

Pamba alipelekwa kliniki ya mifugo mchana huo. Alitiwa maji ya dawa chini ya ngozi, akapewa dawa ya maumivu na ya kuusukuma utumbo, na akalishwa uji wa nyasi zilizosagwa kwa bomba la sindano. Jumatatu jioni alitoa punje 6 za kinyesi. Binti yangu alizihesabu moja baada ya nyingine, na tukapiga makofi.

Ugonjwa wake ni ule ambao madaktari wa mifugo huuona kwa sungura wengi wa nyumbani: utumbo kupunguza mwendo hadi ukasimama. Sungura ni mnyama wa kula nyasi mchana na usiku. Utumbo wake husukumwa na nyuzi za nyasi, na mwendo wa mwili huusaidia. Sisi tulikuwa tukimpa karoti, sukuma wiki na chakula cha punje cha madukani, nyasi kidogo tu, halafu tukamkalisha kitako kutwa kucha. Hakuweza kuepuka.

Kuhusu dawa, nawasihi wasomaji wanisikilize vizuri. Sehemu kubwa ya usagaji wa chakula cha sungura hufanywa na bakteria wema wanaoishi katika mfuko wa utumbo wake mpana. Amoksilini, ampisilini na dawa nyingine za jamii ya penisilini zikipitia kinywani huwaua bakteria hao, na wale wabaya wakapata nafasi ya kuzaana na kutoa sumu. Dawa inayomponya mtoto wako yaweza kumuua sungura wake. Usimpe dawa yoyote ya binadamu bila idhini ya daktari wa mifugo.

Kizimba cha kitoweo

Wengi wetu tuliolelewa mashambani tulifuga sungura. Tuliwaweka katika vizimba vilivyoinuliwa juu ya miti, tukawakatia nyasi, na baada ya miezi 4 au 5 wakaishia chunguni. Tulipohamia mjini tulikuja na kizimba kile kile. Lakini sungura wa kukaa na watu, akitunzwa vyema, huishi miaka 8 hadi 12. Madhara ya kukaa bila kutembea huja polepole, na miaka hiyo yatosha yote kumfika.

Mosi, mifupa yake hulegea. Mifupa ya sungura ni myepesi, takriban asilimia 7 au 8 ya uzito wa mwili wake, ilhali misuli ya miguu yake ya nyuma ina nguvu nyingi. Mfupa usiofanya kazi huwa dhaifu, kama ule wa mgonjwa aliyelala kitandani miezi mingi. Siku ya kushikwa vibaya, teke lake mwenyewe laweza kumvunja uti wa mgongo.

Pili, hunenepa. Sungura mnene hawezi kujipinda ajisafishe nyuma, wala hawezi kula kile kinyesi chake laini ambacho maumbile yamemtaka akile ili apate vitamini. Uchafu huganda, nzi hutaga mayai, na funza huanza kumla akiwa hai.

Tatu, nyayo zake huchubuka. Sungura hana soli nene kama ya mbwa. Nyayo zake zimefunikwa kwa manyoya tu. Akisimama juu ya waya siku zote, hupata vidonda visivyopona kwa urahisi.

Atembee saa ngapi?

Madaktari wa mifugo hushauri sungura awe nje ya kizimba angaa saa 3 hadi 4 kila siku, na zaidi ya hapo ni heri zaidi. Shirika la Uingereza linaloshughulikia maslahi ya sungura, Rabbit Welfare Association and Fund, hupendekeza jozi moja iwe na eneo la mita 3 kwa mita 2, lenye kimo cha mita 1, ambalo wanyama hao wanaweza kulitumia wakati wote. Hiyo ni kama futi 10 kwa futi 6 na nusu. Najua msomaji wa fleti ya chumba kimoja atashtuka. Lakini eneo hilo si lazima liwe kizimba. Laweza kuwa pembe ya sebule iliyozungushiwa ua wa waya wa kukunjwa, na kizimba kikabaki ndani yake kama chumba cha kulala, mlango wazi.

Habari njema ni kwamba ratiba ya sungura haigongani na ya mfanyakazi. Yeye huchangamka alfajiri na jioni, na mchana hupenda kulala. Kwetu Pamba hufunguliwa saa 11 alfajiri tunapoamka, hadi saa 1 asubuhi gari la shule linapofika. Hufunguliwa tena saa 11 jioni hadi saa 3 usiku. Hizo ni saa 6, wala hakuna aliyeacha kazi yake.

Kabla ya kumfungulia, itayarishe nyumba. Inua nyaya za umeme zote, kwa kuwa meno yake hukua maisha yake yote na hutafuna kila anachokikuta. Sakafu ya vigae humtelezesha na huenda akateguka nyonga, hivyo tandika mkeka au zulia kuukuu. Ziba upenyo wa roshani. Mwekee katoni zenye matundu mawili ili apite na kujificha, na tawanya nyasi zake mahali mbalimbali ili azitafute. Akiruka juu na kujipinda hewani kama aliyepagawa, usiogope. Hiyo ni furaha.

Wale wa Mombasa, Kisumu na kwingineko kwenye joto wamtoe penye kivuli na upepo. Sungura hupunguza joto lake hasa kwa masikio, na joto likipita nyuzi 28 huanza kuteseka. Chupa ya maji iliyogandishwa ndani ya friji, ikifungwa kitambaa na kuwekwa karibu naye, humsaidia.

Mwenzake ni nani?

Sungura wa mwituni kwetu, yule wa hadithi za nyanya zetu, huishi juu ya ardhi na mara nyingi peke yake. Huyu wa kufugwa si ndugu yake wa karibu. Asili yake ni Uhispania na Ureno, ambako wazee wake huchimba mashimo na kuishi humo kwa makundi. Hula pamoja, hulambana manyoya, na mmoja akihisi hatari hupiga mguu chini kuwaonya wengine. Kumfuga mmoja peke yake ni kumnyima lugha yake.

Mtoto anaweza kumpunguzia upweke, lakini mtoto huenda shule. Tena watoto wengi hupenda kumbeba, ilhali kwa mnyama anayewindwa, kunyanyuliwa ni kama kukamatwa na mwewe. Mfunze mtoto aketi sakafuni na kumngoja. Sungura atamjia mwenyewe.

Mwenza bora ni sungura mwingine, na jozi inayopatana zaidi ni dume na jike, wote wakiwa wamefanyiwa upasuaji wa kuzuia uzazi. Usilipuuze jambo hilo. Mimba ya sungura huchukua takriban siku 31, na jike aweza kushika mimba nyingine mara tu azaapo. Madume wawili wasiohasiwa hupigana hadi kujeruhiana vibaya. Zaidi ya hayo, jike asiyeondolewa kizazi yuko katika hatari kubwa ya saratani ya kizazi anapozeeka. Tafuta daktari wa mifugo aliyezoea kuwapa sungura dawa ya usingizi, na usimfungishe kula kabla ya upasuaji kama tufanyavyo sisi binadamu, kwani sungura hatapiki na tumbo lake halipaswi kukaa tupu. Dume aliyehasiwa huweza kutia mimba hadi wiki 6 baadaye, kwa hivyo muda huo watengwe.

Wasiwekwe pamoja kwa ghafla. Sisi tulimleta jike aliyekwisha kufanyiwa upasuaji, tukamweka katika kizimba chake, ua wa waya ukiwatenganisha. Waliangaliana na kunusana kwa wiki 2. Kisha tukawakutanisha bafuni, mahali ambapo hakuna aliyepahesabu kuwa kwake, dakika 10 kwa siku, nikiwa nimesimama na taulo mkononi. Siku ya tatu Pamba alipoteza manyoya kidogo. Wiki ya nne jike aliinamisha kichwa, naye Pamba akamlamba paji la uso. Tangu siku hiyo hawajatengana.

Afya ya familia

Kama daktari wa watu, nina machache ya kuongeza. Watoto wanawe mikono kwa sabuni kila wamshikapo sungura au kusafisha kizimba. Akiuma au kukwaruza, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni, na mwone daktari kuhusu chanjo ya pepopunda na iwapo pamevimba. Mabaka ya mviringo yenye kuwasha kwenye ngozi ya mtoto huenda ni choa kilichotoka kwa mnyama, na wote wawili watibiwe. Mtoto mwenye pumu akikohoa zaidi baada ya sungura kuja, usingoje. Huenda manyoya au vumbi la nyasi kavu ndilo chanzo.

Na kwa sungura mwenyewe, kumbuka kanuni hii: akipitisha saa 12 bila kula au bila kutoa kinyesi, hiyo ni dharura. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, usingoje kesho. Kumwagalia kinyesi chake kila asubuhi ndiko kumpima afya.

Mtoto wako akikuomba sungura, usikubali wala kukataa kabla ya kujiuliza maswali machache. Je, una pembe ya nyumba ya kumpa? Je, utapata nyasi za kutosha kila siku? Je, waweza kugharimia wawili na upasuaji wao? Na mtoto akichoka, kama wetu alivyochoka, ni nani atakayemfungulia mlango saa 11 alfajiri? Nyumbani kwangu jibu la swali hilo la mwisho ni mimi. Nikishawafungulia, nami huvaa viatu vya raba na kwenda kuuzunguka mtaa kwa nusu saa, maana nilimwahidi yule mgonjwa wa kisukari kuwa tutaanza pamoja.