Mtoto akiugua, nani analipa? Zahanati ya Kenya na ya Tanzania

Mtoto ameamka usiku, mwili unachemka. Kunapambazuka mama anambeba mgongoni kwenda zahanati. Njiani anawaza jambo moja: leo nitadaiwa shilingi ngapi?

Swali hilo huulizwa pande zote mbili za mpaka wa Namanga, lakini majibu hayafanani.

Upande wa Tanzania, kinachoangaliwa kwanza ni umri. Mtoto wa chini ya miaka mitano na mama mjamzito wana msamaha wa malipo katika vituo vya serikali. Wagonjwa wengine wamekuwa wakichangia gharama tangu utaratibu huo uanze mwaka 1993. Wazazi wengi hushtuka mtoto anapotimiza miaka mitano. Jana alitibiwa bure, leo dirishani wanaulizia bima au fedha taslimu.

Ili kuziba pengo hilo ulikuja mfuko wa CHF iliyoboreshwa, ambao katika mikoa mingi kaya ya watu sita ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Mwaka 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.

Upande wa Kenya, kinachoangaliwa ni ngazi ya kituo. Mwaka 2013 serikali ilifuta ada katika zahanati na vituo vyake vya afya kwa watu wa umri wote. Kisha yakaja mageuzi makubwa: Oktoba 2024, SHA ilichukua nafasi ya NHIF. Sasa matibabu ya zahanati na kituo cha afya hulipiwa na Mfuko wa Afya ya Msingi, unaotegemea fedha za serikali. Mzazi anachotakiwa ni kujisajili na kuwaandikisha watoto wake.

Mtoto akilazwa hospitali, hesabu hubadilika. Hapo lazima familia iwe imelipa michango ya bima: asilimia 2.75 ya mapato, isiyopungua shilingi 300 za Kenya kwa mwezi. Mwenye mshahara hukatwa kila mwezi, lakini mama mboga hutakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa pamoja, na wengi huo ndio mzigo unaowashinda.

Kwa hiyo mtoto wa miaka saba mwenye malaria ana nafuu zaidi kwenye zahanati ya Kenya. Wa miaka mitatu akipewa rufaa kwenda hospitali ya serikali, sheria ya msamaha inamlinda zaidi Tanzania.

Kuna jambo moja linalowaunganisha mama hawa wawili. Matibabu yanaweza kuwa bure, lakini kabati la dawa likiwa tupu, mzazi anaandikiwa karatasi aende duka la dawa. Hapo msamaha unabaki kwenye karatasi, naye anaamua kuwa safari ijayo ataanzia dukani moja kwa moja, bila kipimo.

Nchi zote mbili zimeona pia kwamba huduma ianzie nyumbani. Kenya ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 mwaka 2023. Tanzania ilizindua mpango wake Januari 2024, ikilenga wahudumu 137,294 ndani ya miaka mitano.

Mzazi afanye nini?

Jiandae mtoto akiwa mzima. Ukiwa Kenya, jisajili SHA kwa kupiga *147# na uhakikishe jina la kila mtoto limeingia. Ukiwa Tanzania, ulizia bima kabla mtoto hajatimiza miaka mitano. Mjue kwa jina mhudumu wa afya wa mtaa wako, na tunza kadi ya kliniki.

Na mtoto akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea asiamke vizuri, au kifua kikibonyea ndani anapopumua, usisubiri kupambazuke wala usianze na hesabu ya fedha. Mpeleke kituo cha afya usiku huohuo.