Dhambi na Ungamo ndani ya kitabu «Adam Bede»



Wengi hudhani hadithi za Uingereza za wakati wa malkia Victoria (1837-1901) ni za kupitisha saa tu. Sivyo. Nyingi zauliza neno lile tunalofundisha kila Kwaresima: mtu aliyekosa ataokolewa namna gani? Tutazame moja, «Adam Bede», iliyotolewa mwaka 1859. Mwandishi ni mwanamke, Mary Ann Evans, aliyejiita George Eliot.

Hadithi yaanza mwaka 1799. Kapiteni Arthur Donnithorne, mjukuu wa bwana wa mashamba, alimtamani Hetty, msichana yatima aliyetengeneza siagi kwa mjomba wake. Arthur alijua hatamwoa. Asubuhi moja akaenda kwa rafiki yake Irwine, padri wa Waanglikana, kusudi amwambie yote kabla dhambi haijatimia. Wakakaa mezani. Irwine akahisi kuna neno, akauliza kidogo. Arthur akageuza maneno. Irwine, kwa sababu ya adabu, akanyamaza. Basi, ikapita. Wenzangu mapadri, tusome mahali hapo mara mbili! Irwine si mchungaji mbaya: ni mpole, na watu wampenda. Lakini ulizo moja lilikosekana, naye baadaye alilikumbuka kwa uchungu.

Hetty akachukua mimba. Akasafiri peke yake kumtafuta Arthur, asimkute; akazaa njiani, akamwacha mtoto mwituni chini ya majani na vipande vya miti, mtoto akafa. Tribunali ikamhukumu kunyongwa. Yeye alikana yote, moyo mgumu kama jiwe. Ndipo Dinah, mwanamke mhubiri wa Wametodisti, alipoingia ndani ya kifungo. Hakumkaripia. Alimkumbatia gizani, akangoja, akasali. Tena hakumficha kwamba dhambi yenyewe lazima isemwe mbele ya Mungu. Mwisho Hetty akasema yote, hata kile kilio cha mtoto kilichokuwa bado masikioni mwake.

Usiku ule mwandishi hakuubuni wote. Bibi ya baba yake mdogo, mhubiri wa Wametodisti, alimsimulia namna alivyokesha na mwanamke aliyehukumiwa kufa.

Ajabu ni hii: George Eliot mwenyewe alikuwa ameacha imani. Alitafsiri vitabu vya Wadachi wawili, Strauss (1846) na Feuerbach (1854). Huyu wa pili afundisha kwamba Mungu ni wazo la mtu tu. Kwa hiyo ndani ya kitabu chake huruma ya mtu yaweza kuvunja jiwe la moyo, lakini ondoleo lenyewe hatulioni. Dinah aomba, hana uwezo wa kufungua. Msomaji Mkatoliki aona pengo hapo, kama altare pasipo tabernakulo.

Lakini juu ya malipizi, mwanamke huyu ajua kuliko wahubiri wengi. Arthur alikuwa na desturi ya kudhani kila kosa hulipwa kwa zawadi. Alileta mwenyewe, juu ya farasi, barua ya kumwokoa Hetty na kamba, naye Hetty akapelekwa uhamishoni ngambo ya bahari. Miaka ikapita. Arthur akarudi kwao mgonjwa. Hetty alikuwa amekufa kabla ya kufika nyumbani.