Ibra za Katuni na Akili ya Mtoto

Hapana mzazi asiyefurahi kuona kipindi cha katuni kikihitimishwa kwa wasia mwema, wahusika waliogombana wakipeana mikono, na mmoja wao akitamka kwa upole kwamba uongo ni aibu au kwamba mnyonge hastahili kudharauliwa. Na aghalabu mzazi, akiisikia kauli hiyo tokea jikoni, hutulia moyo kwa kudhani kwamba somo limekwisha kutolewa na limekwisha kupokewa. Kutolewa, limetolewa, kupokewa ni jambo jingine, na wataalamu wa elimu ya nafsi waliochunguza watoto wadogo wamebainisha kwamba baina ya hayo mawili pana masafa ambayo mtoto ni shida kuyavuka peke yake.

Mfano ulio bayana watoka Marekani, katika katuni ya Clifford, lile jibwa jekundu la vitabu vya Norman Bridwell lililoingia katika televisheni mwaka 2000. Katika sehemu moja anakuja mbwa mgeni mwenye miguu mitatu. Wenyeji wanaingiwa na hofu, wanamkwepa, kisha wanatanabahi kwamba ni mwenzao kama wengine wote. Madhumuni ya watungaji yalikuwa kuwafunza watoto wasimtenge mtu kwa sababu ya kilema chake. Mwaka 2008 Marie-Louise Mares na mwenzake walichapisha uchunguzi wao juu ya watoto wa chekechea walioonyeshwa kisa hicho, nao walikuta kwamba wengi hawakuufikia wasia ule, na kwamba wako walioondoka na fundisho kuwa yatupasa kuwatendea wema mbwa wenye miguu mitatu.

Mtoto wa miaka mitano halaumiwi kwa hilo, maana umri wake humwelekeza kushika kile kionekanacho kwa macho, na kuihamisha ibra kutoka kwa mbwa hadi kwa jirani anayetembelea magongo ni kazi ya akili iliyopevuka zaidi. Fauka ya hayo, katuni haina budi kuwa na ugomvi ili ipendeze, hata kipindi kikajaa kejeli, husuda na kususiana, na toba ikaachiwa dakika za mwisho. Jamie Ostrov, Douglas Gentile na Nicki Crick walionyesha mwaka 2006 kwamba watoto wadogo waliotazama zaidi vipindi vya elimu walielekea zaidi kuwatenga wenzao michezoni. Na wataalamu walifasiri jambo hilo kwa kusema kwamba mtoto huukamata ugomvi aliouona kwa muda mrefu, asiuunganishe na suluhu iliyopita upesi.

Namna ya kulitoa fundisho nayo ina uzito wake. Mwaka 2014 Kang Lee na wenzake walichapisha jaribio ambamo mtoto wa miaka mitatu hadi saba aliachwa peke yake na kichezeo alichokatazwa kukichungulia, kisha akasomewa hadithi, kisha akaulizwa kama alichungulia. Hekaya ya Pinocchio, ambaye pua yake hurefuka asemapo uongo, na ile ya mchungaji aliyelia mbwa mwitu, hazikuwaongezea watoto ukweli. Kisa cha George Washington, aliyekiri kuukata mti wa babaye akasifiwa kwa ukweli wake, ndicho kilichowafanya wengi zaidi wakiri. Vitisho vya adhabu viliwaacha kama walivyokuwa. Sifa ya mwema iliwavuta.

Sisemi haya ili wanyama wafukuzwe katika hadithi, kwani sungura na fisi wametulea sote, na Tinga Tinga Tales, iliyochorwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa mwaka 2010 kwa mtindo uliotokana na michoro ya Edward Saidi Tingatinga, ni fahari yetu. Lakini ngano za kale zilikuwa na bibi aliyeketi karibu, aliyeweza kukatizwa kwa swali na aliyejua mjukuu yupi jana alimnyima nduguye embe. Kioo cha televisheni hakimjui mtoto huyo, na jukumu la bibi limebaki wazi.

Kwamba jukumu hilo lina faida, ushahidi upo. Mwaka 2016 Eric Rasmussen na wenzake walieleza habari za watoto 127 wa miaka miwili hadi sita, ambao baadhi yao walitazama katuni ya Daniel Tiger kwa muda wa wiki mbili: walioitazama walizidi wenzao kwa huruma na kujiamini pale tu wazazi wao walipokuwa na desturi ya kuzungumza nao juu ya yale wayaonayo katika televisheni.

Basi mzazi na aketi na mwanawe, na katuni ikikoma asikimbilie kumwuliza amejifunza nini, maana atajibiwa kwa kauli iliyokaririwa. Amwulize, "Yule mgeni alijisikiaje walipomkimbia?" kisha, "Shuleni kwenu kuna nani anayekaa peke yake?" kisha, "Kesho utamwambia nini?" Na wasanii wetu wanaotunga katuni kwa Kiswahili, ambao kazi yao naithamini sana, wairefushe suluhu kama wanavyourefusha ugomvi, na wamwonyeshe mtoto jinsi msamaha unavyoombwa, neno kwa neno, mpaka aweze kuuomba mwenyewe.