Nepi za Watu Wazima: Je, Zinazuia Kweli?



Tulipozuru jamaa zetu mtaani Umoja, Eastlands, Nairobi, tulimkuta mama wa nyumba ameacha kwenda darsani, na mchana kutwa hanywi maji ila mafunda mawili. Nepi alizonunuliwa zilimvujia mbele za watu. Kwa kuwa hakuna haya katika dini, tumeona tuliseme.

Binti yake alipima nepi za aina tatu. Alitia kijiko cha chai cha chumvi katika nusu lita ya maji, kwa sababu nepi hunywa maji matupu mengi kuliko mkojo, ambao una chumvi. Akamimina glasi moja, akangoja dakika tano, akakandamiza karatasi kavu juu yake. Kisha glasi ya pili. Aina moja ilirudisha maji tangu glasi ya kwanza. Mbili zilistahimili, na mojawapo ndiyo ile iliyomvujia mama! Kosa lilikuwa kipimo: ilikuwa kubwa mno, ikaacha mwanya mapajani. Basi pimeni kiuno na nyonga kwa utepe kabla ya kununua, na kingo za mapajani zisikunjikie ndani.

Ama haja kubwa, tusidanganyane. Nepi hunywa majimaji, haimezi kinyesi. Na mgonjwa akiharisha, humtoka mapajani. Hapo ni kubadilisha mara moja, kuosha na kukausha, ngozi isichubuke. Mtaani ambako maji ya mfereji huja kwa zamu, mgonjwa atengewe ndoo yake.

Wala asijinyime maji, kwani mkojo uliokolea huchokoza kibofu. Mwanamke aliyeanza kuvuja baada ya kujifungua aende hospitali kwanza. Huenda ni fistula, nayo hutibika kwa upasuaji.

Kuhusu swala, mwenye kutokwa na mkojo mfululizo, katika madhehebu ya Imamu Shafi, hujitwahirisha, hujifunga, hutawadha wakati ukishaingia, kisha huswali bila kukawia. Hufanya hivyo kwa kila faradhi, na kitakachomtoka baada ya hapo hakimbatilishii swala.

Mama yetu alipopata kipimo chake, alirudi darsani. Wazazi walitufulia nepi zetu bila kutuhesabia, nasi tusiwagune. Allah atujaalie tuwe watoto wema. Amin.